Chuma Namba Tatu na Fyekeo la Mama Tluway

Naanza na kosa langu, ili mkiamua kuacha kusoma muache mapema. Kwa miaka tisa nimekana jambo moja. Kila nilipoulizwa ni wapi nilijifunza kufundisha vyuma virefu, nilijibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: chuo kikuu, Dar es Salaam, kwenye elimu ya viungo na michezo. Walioniuliza ni wengi, wageni na wenyeji, na mmoja wao alikuwa padri. Hata padri nilimjibu vilevile, tena nikimtazama machoni.

Ukweli ni kwamba chuo kikuu hakikunifundisha kupiga chuma kirefu. Alinifundisha Mama Tluway, aliyekuwa akifyeka majani kando ya shimo la nne, asubuhi moja, kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai. Kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa mwalimu wa gofu asiyeweza kupiga chuma namba tatu. Ni kama fundi cherehani asiyejua kutunga uzi. Sasa nimestaafu, au niseme goti langu la kulia limestaafu na mimi nimelisindikiza, kwa hiyo nayasema haya bila hofu ya kufukuzwa.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaoanza kufundisha mchezo huu. Najua wengine mmeanza juzi tu, mlikuwa mnabeba mifuko ya wageni, na wengine hamjawahi kuigusa fimbo. Kwa hao wa mwisho nitaeleza kidogo, wengine vumilieni.

Mfuko wa mchezaji una fimbo nyingi. Zile zenye vichwa vya chuma zina namba. Namba tisa ni fupi na uso wake umelala, ukiugusa mpira tu unapanda wenyewe kama kuku anayetafuta pa kulala. Kadiri namba inavyopungua, fimbo inarefuka na uso unasimama. Namba tatu uso wake umesimama karibu kama ukuta, na kichwa chake ni chembamba, ungeweza kupakia nacho siagi kwenye mkate. Ukikiweka nyuma ya mpira na kuinama kutazama, moyo unakuambia mpira huu haupandi leo wala kesho. Hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu mtu anaamua kuusaidia.

Uwanja wetu ni wa hoteli ya wageni, una mashimo tisa, juu ya shamba la kahawa, nje kidogo ya mji wa Karatu. Ni mteremko. Mgeni akipiga vibaya, mpira wake unakwenda kuvuna kahawa na hauonekani tena. Udongo ni mwekundu, na kiangazi soksi nyeupe zinarudi nyumbani na rangi ya tofali. Kwa kuwa tuko juu na hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko pwani. Wageni wakiona hivyo hudhani ni wao. Sisi tulikuwa hatuwarekebishi. Ilikuwa sehemu ya huduma.

Mgeni akiniomba nimwonyeshe chuma namba tatu, nilikuwa na visingizio vya kutosha. Nilichokipenda zaidi ni upepo. Nilinyoosha kidole juu, nikakunja uso, nikasema upepo wa kreta, lile bonde la wanyama jirani yetu, unashuka, tusubiri. Nilisema hivyo hata siku ambazo moshi wa jikoni ulisimama wima kama mlingoti wa bendera. Kingine kilikuwa kwamba nyasi za pale zimepumzishwa. Vyote vikishindwa, nilikohoa. Kuna mama mmoja mgeni alinunua asali mjini akaniletea, kwa ajili ya kifua changu. Niliila ile asali kwa aibu, lakini niliimaliza.

Tatizo langu lilikuwa la kwetu. Mimi ni mtoto wa Ganako. Nilipewa jembe kabla sijapewa daftari. Mtu wa nyanda hizi akishika kitu chenye mpini na kuona udongo mbele yake, mwili wake hauulizi maswali: unakipandisha juu ya kichwa na kukishusha kwa nia. Ukipiga hivyo kwa namba tisa, unasamehewa. Ukipiga hivyo kwa namba tatu, kichwa cha chuma kinazama ardhini sentimita kumi nyuma ya mpira, na habari zinapanda mikononi mpaka kwenye meno. Mpira unabaki palepale, umepakwa vumbi, unakutazama.

Asubuhi ninayoisema nilikuwa nimejificha kwenye bonde dogo karibu na shimo la nne, saa moja, kabla mgeni yeyote hajanywa kahawa. Nilikuwa nimeng'oa vipande vya nyasi kama saba, kila kimoja saizi ya chapati, vimelala nyuma yangu kwa mstari. Sikujua kwamba wafyekaji walikuwa wameanza upande ule. Mama Tluway ndiye aliyewaongoza, wanawake watano wa mitaa ya jirani. Mwanawe wa kwanza alizaliwa siku ya mvua, na Tluway kwa Kiiraqw ni mvua. Wageni walishindwa kulitamka jina hilo, wakawa wanampungia mkono tu. Alikuwa amesimama juu ya bonde, fyekeo begani, na sijui alisimama hapo kwa muda gani.

"Mwalimu, shikamoo ya kazi. Hapo unapanda nini?"

Nikamwambia nafanya mazoezi.

"Aa. Nilidhani maharage. Maana mistari umeipata vizuri."

Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Nami nikacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Mama Tluway akashuka, akaitazama fimbo yangu, akaiinua, akaipima kwa mkono mmoja, akanirudishia. Kisha akanipa fyekeo lake.

Kila aliyesoma shule za nchi hii anaijua ile zana: bapa refu la chuma lililopinda mwishoni, la kufyekea majani ya shule ukichelewa mstarini. Mimi nilichelewa sana utotoni, kwa hiyo nililijua. Akaniambia nifyeke. Nikafyeka. Akaniambia nifyeke tena, nikafyeka tena, na nikaona kwamba bila kufikiri nilikuwa nimepanua miguu, mabega yamelegea, mikono inaning'inia, na bapa linapita chini sambamba na ardhi, linakata, linaendelea, linamalizikia juu ya bega la pili.

"Umeona," akasema, "hapo hukulima. Sasa kwa nini ukishika hicho kijichuma unalima?"

Nikamwambia kwa sababu mpira unatakiwa upande.

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayesukuma ukuta. "Nikifyeka, majani yanaruka. Nayarusha mimi? Mimi napita tu. Yanayoruka yanaruka yenyewe."

Vijana, nimesoma vitabu vya mwendo wa mwili, vyenye michoro na mishale. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuniambia hivyo kwa maneno machache hivyo. Napita tu. Chuma kirefu hakiupandishi mpira kwa sababu umeupandisha. Kinaupandisha kwa sababu kimepita chini, kikiwa na kasi, bila kusimama kuuliza. Ukijaribu kuunyanyua, uzito wako unarudi nyuma, bega linashuka, na unapiga ama udongo ama kichwa cha mpira. Ukipita, mpira unapanda.

Lakini kupita peke yake hakukutosha. Nilijaribu mara mbili, nikapita kwa papara, mpira ukaruka pembeni kwenye miti. Hapo Mama Tluway akawaita wenzake wajipange. Mnajua wafyekaji wa kwetu wanavyofanya kazi. Wanasimama mstari mmoja, wanaimba wimbo wa kwaya kwa Kiiraqw, na mafyekeo yote yanakwenda na kurudi kwa mwendo mmoja. Si kwa ajili ya kujiburudisha tu. Mmoja akiharakisha, fyekeo lake linakutana na muundi wa jirani. Kwa hiyo wimbo ndio unaoamua, hakuna mwenye haraka kuliko wimbo. Wakaanza kuimba na kufyeka, nami nikaambiwa nisimame mwisho wa mstari na fimbo yangu, nifyeke mipira.

Nikafyeka mpira wa kwanza kwenye ubeti. Ukatoka. Nasema ukatoka kwa sababu sikuhisi kitu mkononi, kama vile kisu kimepita kwenye papai. Uliondoka chini, ukapanda taratibu, ukaenda kinyume cha jua, ukaelea juu ya mikahawa, ukatua mbali mahali ambapo sikuwahi kufikisha mpira wowote kwa fimbo yoyote ya chuma. Wale wanawake hawakuacha kuimba, kwa hiyo nilipiga wa pili, ukaenda palepale. Wa tatu pia. Nikaitupa fimbo, nikamkimbilia Mama Tluway nikamkumbatia, na yeye alikuwa bado ameshika fyekeo. Nikiyafikiria sasa, hilo ndilo tendo la hatari zaidi nililowahi kufanya uwanjani.

Siku hiyo nilitembea nikitabasamu mpaka mpishi akaniuliza kama nimeposwa.

Sasa inakuja sehemu isiyopendeza. Wiki iliyofuata nilikuwa na wageni sita. Sikukohoa. Nilipiga chuma namba tatu mbele yao mara kumi, huku nikinung'unika wimbo wa kwaya puani, na wao wakapiga makofi. Mmoja akaniuliza mbinu hiyo nimeitoa wapi. Mama Tluway alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, amenipa mgongo, anafyeka. Nilikuwa na nafasi ya kumnyooshea kidole na kusema: kwake yule. Badala yake mdomo wangu ukasema chuo kikuu. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka ile shahada ifanye kazi angalau siku moja.

Uongo wa namna hiyo una tabia ya mhogo. Unaupanda kipande, unavuna rundo. Baada ya mwezi nilikuwa na ubao wenye michoro. Baada ya mwaka meneja alichapisha bango, likatundikwa mapokezi, lenye picha yangu na maneno "Mbinu ya Mwendo wa Mlalo". Mama Tluway alipita akaniomba nimsomee. Nikamsomea, hatua zote tano, nikitokwa na jasho. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno mengi kwa majani," akaenda zake. Hakunidai chochote. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenidai.

Alichoniomba, miezi kadhaa baadaye, ni kupiga mpira mmoja. Nikampa namba tatu. Alikuwa na sketi ndefu na raba za mtoto wake. Hakuuliza ashike vipi wala asimame wapi. Akapiga mpira wa kwanza maishani mwake ukaenda kutua karibu na ule wangu bora wa wiki. Akasema, "Kumbe ni hiki tu." Tangu hapo kila Alhamisi, wageni wakienda kreta, tulikuwa tunapiga wawili. Mwaka wa pili alianza kunishinda, na mwaka wa tatu nikaanza kutafuta sababu za kuwa na kazi siku ya Alhamisi.

Niwape sasa vitu vya kubeba, maana sikuwaita hapa kuungama tu.

Mpira wa chuma kirefu usiuweke katikati ya miguu kama wa namba tisa. Usogeze mbele kidogo, upande wa kisigino cha mguu wa mbele, ili fimbo iufikie ikiwa imeshafika chini na inakwenda mbele. Miguu ipanue zaidi kidogo. Fimbo ishike kama unavyoshika kifaranga: asitoroke, asife. Wanaoogopa chuma kirefu wanakinyonga, na kilichonyongwa hakipiti. Fanya mazoezi bila mpira kwanza. Weka jani kavu chini, ulifagie. Ukiweza kulifagia jani mara kumi bila kuchimba, ndipo uweke mpira, na mwanzoni uweke juu ya kijiti kifupi. Hakuna polisi atakayekukamata.

Jambo ambalo vijana hamtaki kulisikia: usiongeze nguvu. Fimbo ikiwa ndefu, kichwa chake kinasafiri haraka chenyewe. Wewe piga kwa mwendo uleule wa namba saba. Nilikuwa na mgeni, bwana mkubwa wa mwili, aliyepiga kama anaua nyoka aliyemkuta kitandani. Nikamwambia apige polepole. Akakataa. Nikamwambia apige kama hataki mpira ujue. Hapo akacheka, mabega yakalegea, mpira ukaruka. Kumbukeni hilo: mwanafunzi anayecheka ameshalegea nusu, kwa hiyo utani ni kifaa cha kazi. Mimi nilikuwa na vichekesho vinne. Msiniibie.

Wala msidhani kila mtu analima kama sisi wa Ganako. Nilifundisha msichana mmoja kutoka Enguserosambu, Naishorwa, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka hotelini. Huyo hakuwahi kushika jembe. Kwao ni ng'ombe. Fimbo aliizungusha kwa viganja, haraka, kama anamgeuza ndama mkaidi. Nilimpa fyekeo nikidhani nimemaliza kazi, akalizungusha kwa viganja vilevile, tukatawanyika. Ikabidi nimuulize nyumbani alifanya kazi gani ya taratibu. Akafikiri, akasema kutikisa kibuyu cha maziwa. Basi tukaanzia hapo, mabega yakienda na kurudi, na baada ya wiki mbili alikuwa anapiga vizuri kuliko wengi waliokuja na viatu vya misumari. Funzo ni kwamba usimpe mtu zana yako. Tafuta mwendo ambao mwili wake tayari unauamini.

Siku hizi wanafunzi wanakuja na simu. Wametazama video kumi na moja usiku uliopita, na kila video imewapa mkono mpya. Wakisimama kwenye mpira wanafikiria viungo vyote mpaka nyusi. Sizipingi simu, ukirekodi pigo na kulitazama polepole unaona mengi ambayo macho yangu hayakuona. Ila mkimaliza kutazama, zimeni, mwimbe. Pia mtaambiwa vyuma virefu vimepitwa na wakati, kwamba zimetoka fimbo nene za kichwa kama yai zinazofanya kazi hiyo kwa urahisi. Ni kweli. Nunueni mkiweza. Lakini anayejua kupita na chuma namba tatu, fimbo zote nyingine kwake ni likizo.

Sasa nirudi kwa goti. Mwaka jana daktari alilitazama, akanitazama na mimi, akasema mmoja wetu lazima apumzike. Nikaenda kumuaga meneja. Ni kijana wa Moshi, mwenye adabu na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Alisikitika sana, kisha akaniambia kwamba kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine mwenye cheti, uwanja wa mazoezi utageuzwa mahali pa mahema ya harusi. Na darasa la Jumamosi litafungwa.

Darasa la Jumamosi lilikuwa la wasichana wanane wa sekondari ya jirani. Nililianzisha kwa fimbo zilizoachwa na wageni, nyingine tumezikata kwa msumeno. Wawili kati yao walikuwa wameanza kupiga kwa namna ambayo ilinifanya nisilale kwa furaha. Emiliana, mwenye mdomo kuliko wote, aliniuliza nilipowapa habari, "Mwalimu, kwa hiyo goti lako ndilo limetufukuza sisi?"

Nikarudi kwa meneja nikamwambia mwalimu yupo. Mama Tluway. Akanitazama kwa huruma, akidhani dawa za goti ni kali.

"Mama Tluway wa kufyeka?"

Nikasema ndiye.

"Mwalimu, na heshima zote. Wageni wanakuja kwa ajili ya mbinu yako. Ya chuo kikuu. Ipo kwenye bango."

Bango lilikuwa ukutani nyuma yake, na mimi nilikuwa kwenye bango, nikitabasamu kama mtu asiye na deni. Nikakaa. Nikamweleza yote, shimo la nne, chapati za nyasi, wimbo, wageni sita, padri, na asali nikaijumlisha kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nilitegemea atakasirika. Aligeuka akalisoma bango lote upya, hatua ya kwanza mpaka ya tano, kisha akasema sasa anaelewa kwa nini hatua ya tatu ilikuwa imeandikwa "usiumize jirani".

Tukakubaliana hivi. Mama Tluway ataenda Arusha kufanya mtihani wa walimu. Akipata cheti, kazi ni yake na darasa linaendelea. Akikosa, mahema yanaingia mwisho wa mwezi. Mtihani wenyewe ulikuwa wa mipira kumi kwa chuma namba tatu mbele ya watahini watatu, na baada ya hapo kumfundisha mtu ambaye hajawahi kushika fimbo, wakitazama.

Nilipompelekea habari hizo alikuwa ananoa fyekeo lake. Nikamwomba radhi pia, kwa miaka tisa, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja kwa sababu ya goti, jambo ambalo lilipunguza uzito wa hotuba. Akasema radhi ameipokea, tuzungumze nguo. Yeye ni mzee wa kanisa, suruali havai. Kama watahini wanataka suruali, waivae wao. Tukamtafutia sketi ya marinda, tukaijaribu uwanjani, marinda yakazunguka vizuri na kumfuata kama wanakwaya. Basi la asubuhi likamchukua, na fimbo yangu ameifunga kwenye khanga, kondakta akidhani ni mwavuli.

Siku hiyo nilikaa na wale wasichana kwenye uwanja wa mazoezi, simu nimeiweka juu ya ndoo ya mipira iliyopinduliwa. Hakuna aliyepiga mpira. Saa tano simu ikalia, tukaruka wote. Ilikuwa kampuni ya simu ikinipongeza kwa kuwa mteja. Saa sita ikalia tena, akawa dada yangu wa Ganako anauliza kama mbuzi wake kapita huku, kana kwamba mbuzi wa Ganako wana desturi ya kuja kucheza gofu. Nikamkatia dada yangu wa damu. Emiliana akasema waliofeli hupigiwa mapema. Mwenzake akasema hapana, waliofeli hawapigiwi kabisa. Wakaanza kubishana hilo kwa kina, nami nikatamani niwe na kikohozi.

Saa tisa ikalia. Mama Tluway. Nikaweka sauti wote wasikie.

"Mwalimu, habari za tangu asubuhi."

Nikasema nzuri, habari za mtihani.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama Tluway..."

"Na goti limeamkaje?"

Nikasema goti limeamka salama, linamsalimu. Akauliza wasichana, nikasema wapo hapa wamenizunguka. Akawasalimu mmoja mmoja, wote wanane, kwa majina, na kila mmoja akaitika shikamoo, na kila mmoja akajibiwa marahaba mwanangu. Akauliza kama mvua imenyesha. Nikasema haijanyesha. Akasema Arusha kuna manyunyu, na barabara imejaa magari, na amekula ndizi kwa nyama. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, najua huwezi kumrukia mtu na habari bila kumjulia hali, lakini nawaambia ukweli, nilikuwa nikiigonga ile ndoo kwa vidole kama mpiga ngoma.

"Sasa, Mwalimu," akasema hatimaye. "Mpira wa kwanza nilikosea."

Emiliana akaivuta ndoo karibu.

"Niliupiga kichwani, ukakimbia chini kwa chini kama panya. Mtahini mmoja akaandika kitu."

"Na tisa iliyobaki?"

"Hiyo ilikwenda."

"Ilikwenda wapi, Mama Tluway?"

"Kule walikosema iende. Halafu wakaniletea binti wa kufundisha, wa ofisini kwao, anaogopa hata kushika. Nikamuuliza kwao wanapikia nini. Akasema wanasonga ugali wa watu kumi na wawili. Nikamwambia basi, mwiko unaujua. Amepiga mipira mitano, mmoja umevunja kioo cha gari la mtahini. Yule mzee hakukasirika. Alisema hajawahi kuona mwanafunzi wa siku ya kwanza anafika pale."

"Wamesema nini? Umepata?"

"Wamenipa karatasi. Ina muhuri."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua wasichana walinikumbatia wote kwa pamoja na tukaanguka, na mipira ikamwagika ikateremka kuelekea kwenye kahawa, na meneja akatoka ofisini akikimbia akidhani ni nyuki. Simu nilikuta imeangukia kwenye nyasi, Mama Tluway bado anaongea, ametulia, anasubiri tumalize.

"Mwalimu, upo?"

Nikasema nipo, nimelala chini lakini nipo.

"Vizuri. Waambie darasa ni Jumamosi saa mbili. Na wewe uje."

"Mimi? Mimi nimestaafu."

"Goti ndilo limestaafu. Kuna kitu unafanya na bega la kushoto, nimekitazama miaka yote hii, sikusema kwa sababu wewe ulikuwa mwalimu. Saa mbili kamili. Usichelewe, maana wanafunzi wangu ni tisa."